Saa za Ziada Kazini: Haki ya Mwajiriwa na Wajibu wa Mwajiri



Vijana wengi wa visiwani huvuka bahari kutafuta riziki Dar es Salaam, madukani, viwandani na kwenye ulinzi. Wengi wana lalamiko moja: saa ya kutoka ikifika huambiwa "baki kidogo", na mwisho wa mwezi mshahara ni ule ule. Je, wanalazimika kubaki?

Msingi katika Shari'ah

Kuajiriwa ni katika milango ya ijara. Anayeajiriwa kwa muda anauza muda wake, hivyo Wanavyuoni wameshurutisha muda na ujira vijulikane, ili pasiwe na utata wa kuleta ugomvi. Katika Suurat Al-Qaswasw Aayah ya 27, mzee mwema wa Madyan alimwekea Nabii Muusa ('alayhis-salaam) miaka 8 ya kazi. Miwili ya kutimiza 10 aliiacha kwa hiari yake, akabainisha kuwa hataki kumtia mashakani. Basi kilichokubaliwa ni deni. Kinachozidi kinahitaji ridhaa.

Sheria ya Tanzania Bara

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka hii:

- Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na siku 6 kwa wiki.
- Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano tu, na hazizidi 50 katika kila wiki 4.
- Kwa siku, saa za kawaida pamoja na za ziada zisizidi 12.
- Kila saa ya ziada hulipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa moja. Sikukuu za umma hulipwa mara mbili.
- Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo ana haki ya mapumziko ya saa 1, na kila wiki apumzike angalau saa 24 mfululizo.

Mfano: mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi, kwa saa 45 za wiki, saa yake moja ni takriban shilingi 2,000. Saa ya ziada ni 3,000. Akibaki saa 10 katika mwezi, anadai 30,000.

Mipaka hii ya saa haiwahusu mameneja wa juu, na kazi za dharura zina hukumu yake. Pia makubaliano ya saa za ziada yanaweza kuwemo ndani ya mkataba wenyewe. Aliyeutia saini amefungika nao ndani ya mipaka ya sheria, basi usomwe kabla ya saini.

Mafia inafuata sheria hii. Unguja na Pemba zina Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na wa huko wataulizia viwango vyao Kamisheni ya Kazi.

Haki ikizuiliwa

Mwajiriwa aandike tarehe na saa alizobaki, kisha amkumbushe mwajiri kwa upole. Asipolipwa, afungue shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya malipo yana muda wa siku 60, na ya kuachishwa kazi siku 30. Kudai haki si utovu wa adabu wala kukosa subira. Wala haijuzu kujilipa kwa kuchukua mali ya dukani kwa siri, au kusinzia kazini kwa kulipiza, kwani saa za mkataba nazo ni amana.

Kwa wenye nyumba

Sheria ya Bara inamhusu pia mtumishi wa nyumbani. Binti anayeamka kabla ya Alfajiri na kulala wa mwisho ana saa zake na mapumziko yake. Katika Hadiyth ya Abu Dharr (Radhwiya Allaahu 'anhu), Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza kuwabebesha walio chini yetu wasiyoyaweza, na tukiwabebesha, tuwasaidie. Na katika Hadiyth aliyoipokea Al-Bukhaariy, anayemtumikisha mtu kikamilifu kisha akamnyima ujira ni miongoni mwa watatu ambao Allaah Atakuwa hasimu wao Siku ya Qiyaamah.

Basi kila mwenye kuajiri ajihesabu kabla ya kuhesabiwa.

Na Allaah Anajua zaidi.