Sikio la Msahihishaji: Tahajia, Taipu na Sauti ya Kompyuta Mkoani Mara

Usahihishaji wa maandishi kwa kusikiliza haukuzaliwa pamoja na kompyuta. Katika viwanda vya uchapaji, mtu mmoja alisoma mswada kwa sauti na mwenzake akafuatilia prufu kwa kalamu. Utaratibu huo unakifaa hasa Kiswahili, kwa kuwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilisimamia tahajia ambayo kwa sehemu kubwa hufuata matamshi.

Mwelekeo huo unadhihirika katika kazi ya mwana wa Butiama. Julius Nyerere, aliyezaliwa huko mwaka 1922 na kuanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Toleo lililosahihishwa la mwaka 1969 liliitwa Juliasi Kaizari. Jina la kigeni lilipewa umbo ambalo msomaji wa Musoma au Bunda angeweza kulitamka bila kufundishwa.

Kwa mwandishi asiyeona, hata hivyo, taipureta ilikuwa nusu ya neema. Aliweza kuipiga kwa vidole bila kutazama, lakini hakuweza kusoma alichokipiga. Utepe ukiishiwa wino, angeweza kumaliza kurasa nzima zisizo na herufi hata moja. Maandishi ya nukta nundu aliyasoma mwenyewe. Barua ya kiofisi ilimlazimu kumtafuta mwenye macho, na siri yake ikawa ya watu wawili.

Programu za kusoma skrini kwa sauti, kama JAWS ya Windows iliyotolewa mwaka 1995, zilianza kuiondoa adha hiyo, lakini kwa lugha za wengine. Sauti ya Kiingereza ikikutana na maneno "pale" au "wake", huyasoma kwa silabi moja. Msikilizaji hawezi kutambua kama kosa ni la mpigaji taipu au la mashine. Mwaka 2006 eSpeak ilitolewa, na NVDA ikaanzishwa nchini Australia. Zote mbili hazilipiwi, na eSpeak ilikuja kuwa na sauti ya Kiswahili.

Kwa sauti hiyo, "kaitka" badala ya "katika" hunaswa papo hapo. Lakini "kwahiyo" na "kwa hiyo" husikika sawa, na herufi kubwa iliyosahaulika haina mlio. Hapo hapana budi kusoma herufi kwa herufi na kuiamuru programu itamke alama za uakifishaji.

Mkoani Mara kuna tatizo la ndani zaidi. Katika Kikurya, sauti r husimama mahali ambapo Kiswahili kina l: kulima kwa Kiswahili kuna mzizi -lim-, kwa Kikurya -rem-. Mtu ambaye lugha yake ya kwanza haitofautishi sauti hizo anaweza kuandika "siku ya kula" akikusudia "siku ya kura", au "mahali" akikusudia "mahari". Kisahihishi tahajia hakitalalamika, kwa kuwa yote ni maneno halali. Mashine itatamka l kwa usahihi, na sikio lililolelewa na lugha nyingine litaridhika. Katika tangazo la uchaguzi au muhtasari wa kikao cha ukoo kuhusu ng'ombe wa mahari, kosa hilo si dogo.

Tiba yake ipo katika maandishi ya zamani zaidi. Katika nukta nundu, herufi l ina nukta 3 na r ina nukta 4. Tofauti hiyo kidole huihisi, hata sikio likiipitia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilitungwa Tanzania mwaka 2010. Kuitekeleza katika shule na ofisi za Musoma, Bunda na Butiama kwa kutoa kompyuta yenye sauti pekee, huku nukta nundu zikiachwa zififie, kutamnyima mwandishi asiyeona chombo kinachomwezesha kutia sahihi waraka wake bila shaka.