Mayai Laini ya Hami

Tazama yai hili: limebonyea kama ndimu iliyokauka, wala halikuvunjika vigae kama la kuku. Ganda lake lilikuwa utando laini, mithili ya yai la nyoka, na chokaa kiduchu juu. Kulalia yai kama hilo ni kuliponda. Yamkini mama, mtambaazi arukaye aitwaye Hamipterus, alilifukia mchangani.

Huko Hami, kaskazini-magharibi mwa China, mayai 215 ya aina hii yalipatikana kwenye bamba moja la mwamba, yakiwa na umri wa miaka milioni 120 hivi. Utafiti wa 2017 ulikuta viinitete katika 16. Mfupa wa paja wa viinitete hivyo ulikuwa umekomaa kuliko sehemu inayoshika misuli ya kurukia. Je, kinda lilitembea kwanza? Wengine wanabisha.