Bahari Si Shamba Lisilo na Mwenyewe

Watu wangu, leo tuwaache wanasiasa kidogo. Leo tuongee upepo.

Mimi ni wa Adu. Huku kwetu bahari hatuioni. Tunaona vumbi, mbuzi na mikwaju. Lakini samaki tunamla. Papa mkavu na ng'onda wanapanda kutoka Ngomeni na Gongoni mpaka masoko yetu ya huku juu. So ukiniuliza, "Wewe mtu wa bara, mambo ya wavuvi yanakuhusu nini?" jibu liko kwenye sufuria ya nyumbani.

Siku hizi kila kiongozi anaimba uchumi wa buluu na nishati safi. Mitambo ya upepo kusimama baharini si jambo jipya duniani. Denmark walianza 1991 pale Vindeby, na mitambo 11. Kenya bado hatuna hata mmoja majini. Lakini upepo tunao, na iko siku mtu atatua hapa na ramani mkononi. Mimi swali langu ni moja tu: ramani hiyo itachorwa na nani?

Nauliza kwa sababu sisi watu wa Magarini tushachorewa ramani mara nyingi. Hebu tuzihesabu.

Mwaka 1914 Waingereza waliamua kwamba Wagiriama wahame kaskazini ya mto Sabaki. Walitaka vibarua wa mashamba, basi wakapiga mstari. Wakati huo Mekatilili wa Menza alikuwa ameshakamatwa, tangu 1913, na kupelekwa mbali, Kisii. Watu walikataa, vita vikaja, nyumba zikachomwa. Mstari wenyewe haukudumu, Wagiriama walirudi. Leo Mekatilili amelala Bungale, huku huku Magarini.

Ramani ya pili ilikuwa ya bahari. Miaka ya 1960 Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma baharini mbele ya Ngomeni, San Marco na Santa Rita. Kutoka pale setilaiti zilirushwa kuanzia 1967 hadi 1988. Moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikapewa jina Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Jambo kubwa hilo, najivunia. Lakini kila nikisoma habari za San Marco nakutana na maprofesa na roketi. Mvuvi wa Ngomeni simkuti. Siku ya kurusha roketi, yeye na ngalawa yake walitakiwa wawe wapi? Nani alimuuliza?

Ya tatu, 1968. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zikatangazwa, na ndani ya hifadhi kuvua ni marufuku. Matumbawe yalihitaji kulindwa, hilo sibishi. Ila kwa aliyekuwa akitega malema pale tangu utoto, asubuhi moja mwamba wa babu yake uligeuka kuwa wa watalii.

Ya nne, mashamba ya chumvi ya ukanda wa Gongoni na Kurawa. Malalamiko ya ardhi, mikoko na maji yalikuwa mengi mpaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikaja kufanya uchunguzi wa wazi.

Ya tano iko karibu kabisa na mlango wangu: msitu wa Dakatcha. Karibu na 2010 palitokea mpango wa kulima mibono kwenye maelfu ya hekta ili ikamuliwe mafuta ya nishati. Nishati "safi" hiyo, angalieni! Msitu ungefyekwa, na familia zingehama. Wenyeji na watetezi wa mazingira walipinga, mpango ukafa.

Mnaona sasa? Neno "safi" peke yake halimwambii mtu kama atabaki kwake.

Sasa twendeni Lamu. Bandari ya LAPSSET ilipopangwa, wavuvi walienda kortini mwaka 2012. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilisema haki zao zilivunjwa: hawakupewa habari, hawakushirikishwa ipasavyo, na uvuvi wao wa asili ni sehemu ya utamaduni. Wakaamuliwa walipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi takriban 4,600. Lakini baada ya hukumu malipo yalizungushwa miaka. Gati la kwanza lilianza kazi 2021. Meli haikungoja, aliyengoja ni mvuvi.

Ndiyo maana nasema fidia si ushirikishwaji. Fidia huja baada ya ramani kuchorwa.

Mzee mmoja wa Ngomeni alinieleza kitu ambacho sijakiona kwenye ripoti yoyote. Alisema, "Mwanangu, kusi likivuma sisi wa vyombo vidogo tunabaki ndani ya mwamba. Riziki ya mwaka tunaitafuta kaskazi, bahari ikitulia." Nikafikiria: na mkandarasi wa kusimamisha mitambo atataka bahari ya namna gani? Hiyo hiyo iliyotulia. Yaani miezi ambayo mvuvi anatoka nje ndiyo miezi ambayo eneo litafungwa kwa ujenzi. Ukihesabu hasara kwa siku za kalenda bila kujua misimu, utamlipa mtu siku za kusi na kumnyang'anya kaskazi yake.

Mimi chuo nilikiacha katikati, sina cheti cha kuwaonyesha. Lakini najua kuna elimu isiyoandikwa. Nahodha anajua nguru hupita wapi, jarife litanasa wapi, na waya ukilazwa chini ya bahari utakata njia ya nani.

Sipingi upepo. Huku Adu kuna nyumba nyingi ambazo stima wanaiona kwa jirani tu. Rhode Island, Marekani, walikaa na wavuvi wakachora mpango wa bahari uliopitishwa 2010, halafu mitambo 5 ya Block Island ikawaka 2016. Ugomvi haukuisha wote, lakini mazungumzo yalitangulia chuma.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi. Basi usiwe wa kuitwa kwenye hema, kunywa soda na kutia sahihi. BMU za Ngomeni, Malindi na Kilifi zianze leo kuandika maeneo yao ya kuvua, msimu kwa msimu, pamoja na kina mama wanaokaanga na kuuza samaki. Mwenye ramani akija, akute nyingine iko mezani.

Kama babako au mjomba wako ni mvuvi, msomee hii jioni. Halafu muulize kaskazi yeye huvua wapi, na uandike.