Machi 1968: Wanafunzi wa Los Angeles Walipotoka Madarasani

Kila mara wanafunzi wa sekondari wanapogoma, wakubwa huuliza: ni nani aliyewachochea? Swali hilo ni kongwe, na mara nyingi huulizwa ili kulikwepa jingine lililo zito zaidi: wanadai nini? Mgomo wa Los Angeles, nchini Marekani, mwezi Machi 1968, ni mfano ulio wazi.

Shule za sekondari za umma za mashariki ya jiji hilo zilijaa watoto wa familia zenye asili ya Meksiko. Wengi waliacha masomo kabla ya kuhitimu. Waliobaki walielekezwa kwenye kazi za mikono na ukarani, hata wale wenye uwezo wa kufika chuo kikuu. Walikuwapo walioadhibiwa kwa kuzungumza Kihispania. Vyoo vilifungwa wakati wa chakula cha mchana, na mtoro aliweza kukabidhiwa ufagio. Msomaji aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani hahitaji kuelezwa fedheha hiyo.

Mgomo ule haukuzuka kwa hasira ya siku moja. Tangu 1963 vijana hao walikuwa wakikutana katika kambi za uongozi, ambako mwalimu Sal Castro wa shule ya Lincoln alikuwa miongoni mwa walezi wao. Walipitisha madodoso kwa wenzao, wakakusanya kero, wakaziwasilisha kwa wakuu. Hawakusikilizwa.

Ndipo walipoutazama mfuko. Serikali ya jimbo ilizilipa shule kwa kuhesabu mahudhurio ya kila siku, hivyo kila dawati lililokuwa tupu lilikuwa fedha iliyopotea. Mwanafunzi asiyekuwa na kura wala mali alikuwa na kitu kimoja ambacho ofisi ilikihitaji: kuwapo kwake.

Tarehe 1 Machi wanafunzi wa Wilson walitoka kabla ya siku iliyopangwa, baada ya mkuu wa shule kufuta mchezo wao wa kuigiza. Tarehe 5 walifuata wa Garfield, na kesho yake Roosevelt na Lincoln. Hesabu za kawaida hutaja wanafunzi zaidi ya 10,000. Polisi waliitwa, na baadhi ya vijana wakapigwa. Wazazi waliokuwa wakisitasita walipoona damu ya watoto wao, wakaunda kamati ya pamoja.

Tarehe 28 Machi, Bodi ya Elimu ilikwenda Lincoln kusikiliza madai: historia ya watu wao ifundishwe, lugha zote mbili zitumike, walimu na wakuu wenye asili yao waongezwe, adhabu ya viboko ikome, vyoo vifunguliwe. Bodi ilikubaliana na mengi, kisha ikasema haina fedha.

Jibu la dola lilikuja Mei: watu 13, akiwamo Castro, walishtakiwa kwa kula njama ya kuvuruga shule. Swali la mchochezi likawa limepata majina yake. Lakini dodoso lililojazwa na wanafunzi wenyewe lilikuwa limekwisha kueleza kilichowachochea. Castro aliondolewa darasani; wazazi na vijana wakakaa siku kadhaa ndani ya ukumbi wa Bodi hadi aliporudishwa. Mwaka 1970 mahakama ya rufaa ilitupilia mbali mashtaka ya njama, ikizingatia uhuru wa kujieleza.

Je, walishinda? Madai mengi hayakutekelezwa upesi, na mengine yangali yakidaiwa. Hata hivyo, Vickie Castro, aliyekuwa mmoja wa waandalizi vijana, alikuja kuwa mwalimu, kisha mkuu wa shule, na mwaka 1993 akachaguliwa kuingia katika Bodi ileile.

Sisi tulio walimu tuna la kujifunza hapo. Mwanafunzi ndiye ajuaye choo kipi kimefungwa, somo lipi halina mwalimu na ndoto ipi imefutwa kwa kalamu ya mshauri. Tukimsikiliza anapoandika, huenda asilazimike kutoka darasani ili asikike. Vijana wa Los Angeles waliandika kwanza. Walitoka baada ya karatasi zao kukosa msomaji.