Kipepeo Aliyeponzwa na Ua

Mnamo mwaka 1979 Uingereza ilimpoteza kipepeo mkubwa wa buluu, aliyekuwa ameorodheshwa na wataalamu wa huko tangu 1795. Hakupotea kwa kukosa wapenzi. Kwa miongo kadhaa watu walihangaika kumnusuru, wakiamini kwamba adui wake ni wakusanyaji, waliomfuata kwa nyavu wamchome pini na kumtia makabatini. Mahali pengine walizungusha ua. Wakusanyaji wakazuilika, na mifugo nayo ikazuilika; kipepeo akazidi kuadimika.

Siri yake aliifichua Jeremy Thomas, mwanasayansi aliyekaa karibu na masalia ya mwisho ya kipepeo huyo katika miaka ya 1970. Kiwavi wake hula maua ya zaatari kwa majuma machache tu, kisha hujidondosha chini akangoja. Sisimizi mwekundu humkuta, humlamba utamu anaoutoa, akamdhania mtoto wa kwao aliyepotea, akambeba hadi shimoni. Huko mgeni hukaa miezi kama 10, akiwala watoto wa wenyeji wake. (Malenga wetu wamemsifu sana kipepeo kwa urembo, ulezi huu sijamsikia aliyeuimba.)

Sisimizi wa kumbeba wapo wa aina kadhaa, ila kiwavi hustawi kwa mmoja tu, ambaye wataalamu humwita Myrmica sabuleti. Mfasiri mwenzangu atanielewa: maneno mawili hufanana sura, na ukishika silo, maana imekufa. Sisimizi huyo hutaka udongo wenye joto, nao hupatikana penye majani mafupi, yasiyozidi sentimita 3 hivi. Maradhi ya miksomatosi yalipoanza kuwafyeka sungura mwaka 1953, na wafugaji wakaacha kulisha kwenye miteremko isiyo na faida, majani yalirefuka, udongo ukapoa, sisimizi akatoweka.

Jawabu lilifika kwa kuchelewa. Kwa hiyo, kuanzia mwaka 1983, viwavi waliletwa kutoka Sweden, wakatiwa katika ardhi iliyokwisha kutengenezwa: vichaka vimefyekwa, mifugo imerudishwa. Mwaka 2000 walipelekwa Collard Hill, katika jimbo la Somerset, wakakubali. Kila Juni watu hupanda kilima hicho kuwatazama wakiruka juu ya zaatari. Na majira ya watu kuondoka, hupandishwa wanyama kuja kula majani.