Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani
Marekebisho ya Pili ni kifungu cha sentensi moja, kilichoidhinishwa mwaka 1791, kinacholinda haki ya watu kumiliki na kubeba silaha. Kinataja wanamgambo, lakini uwindaji na kujihami, vinavyotawala mjadala wa leo, havimo kabisa. Dick Heller, mlinzi jijini Washington, alibeba bastola kazini lakini alinyimwa kibali cha kuweka bastola nyumbani. Bunduki za nyumbani nazo zilipaswa kukaa bila risasi, zimefunguliwa vipande au kufungwa kufuli kwenye kifyatulio: za kumfaa nani mwizi akishaingia? Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilimpa Heller ushindi kwa kura 5 dhidi ya 4. Mwaka 2022 haki hiyo ya kuweka bastola nyumbani ilipanuliwa hadi kubeba bastola hadharani.