Nani Kakwambia Jua Lina Undugu?

Februari Dar es Salaam kaskazi huwa imechoka: upepo upo, lakini ni wa moto. Saa saba mchana nilijibanza kwenye kivuli cha mwembe nikiwatazama vijana wakimwaga zege la ghorofa ya pili. Mmoja alichovya fulana yake kwenye pipa, akaikamua kidogo, akajifunga kichwani, kisha akaitwika ndoo begani. Suruali ilikuwa imemgandama mapajani kwa jasho. Nikamtania kwamba sisi weusi bora, ngozi zetu zimeumbiwa jua; asubuhi nilimpita Mzungu ufukweni, mabega mekundu kama kaa aliyechemshwa. Kijana hakugeuka hata. "Nani kakwambia jua lina undugu na mtu, mzee wangu?"

Nilinyamaza. Maneno yangu yamesemwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na wengi wa walioyasema kwa dhati walikuwa wamekaa kivulini, kama mimi.

Wagiriki wa kale walimwita mtu mweusi Aithiops, yaani mwenye uso ulioungua. Jina la Ethiopia limetoka huko. Herodotus, karne ya 5 kabla ya Kristo, aliona jambo halina utata: watu wa kusini mwa Misri ni weusi kwa sababu ya joto. Hekaya ikaongeza chumvi. Phaethon, mtoto wa mungu wa jua, alimbembeleza babake amwachie gari la farasi kwa siku moja. Farasi wakamshinda, gari likashuka karibu mno na ardhi, na watu wa Afrika wakaiva. Hadithi ni tamu, ila ilimfanya mtu mweusi awe kama chungu kilichokwisha kupita motoni: ukikirudisha, hakidhuriki.

Huko Basra katika karne ya 9, al-Jahiz aliandika kitabu kizima cha kuwatetea watu weusi, akisema rangi hutokana na ardhi na mazingira, wala si adhabu. Ibn Khaldun, katika utangulizi wa historia yake mwaka 1377, naye aliikataa hadithi kwamba weusi ni laana ya Hamu, akataja hali ya hewa. Kwa rangi, wote wawili walikuwa karibu na ukweli. Lakini jirani na Basra hiyohiyo ya al-Jahiz, watumwa waliofahamika kwa jina la Zanj walikuwa wakikwangua chumvi kwenye ardhi ya mabwawa ili ifae kulimwa. Mwaka 869 waliasi, na vita vikadumu hadi 883. Hakuna aliyehitaji nadharia ya ngozi ili kuwapeleka pale, mjeledi ulitosha.

Nadharia ilikomaa ng'ambo ya Atlantiki. Thomas Jefferson, aliyemiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake, aliandika miaka ya 1780 katika kitabu chake kuhusu Virginia kwamba watu weusi hutoa mkojo kidogo na jasho jingi, hivyo huvumilia zaidi joto na kushindwa zaidi na baridi. Dai hilo lilimfaa sana mwenye shamba. Kama mtu ameumbiwa jua, kumsimamisha juani kutwa si ukatili tena, ni kumpa kazi anayoiweza.

Ajabu, Mmarekani mwenzake Benjamin Franklin alikuwa ameshagusa upande mwingine wa jambo hilo. Katika barua ya mwanzoni mwa miaka ya 1760 alieleza jinsi alivyotandaza vipande vya kitambaa cha rangi mbalimbali juu ya theluji, asubuhi ya jua. Baada ya saa chache cheusi kilikuwa kimezama kuliko vyote. Cheupe kilikuwa palepale juu. Akahitimisha kwamba nguo nyeusi hazifai nchi za jua kali. Sasa hapo pana fumbo: ikiwa cheusi hunywa joto, mbona wenyeji wa nchi za jua kali ndio weusi?

Daktari mmoja wa London, Everard Home, alilichokonoa fumbo hilo mwaka 1821. Aliuweka mkono mmoja juani ukiwa wazi, wa pili akaufunika kitambaa cheusi, akasoma vipimajoto. Chini ya kitambaa cheusi joto lilipanda zaidi. Lakini mkono uliobabuka ulikuwa ule wa wazi.

Yaani mkono wenye joto dogo ndio uliodhurika. Kwangu mimi jaribio hilo ndilo kiini cha historia hii yote, maana linatenganisha vitu viwili ambavyo dunia ilikuwa imevifunga fungu moja. Kiswahili hakikungoja maabara: mtu hubabuka kwa jua, huona hari, na usiku wa manane, jua likiwa limekwenda zake, bado analalamika fukuto. Hayo ni mateso tofauti.

Mkosaji wa ule ubabukaji alikuwa ameshapatikana, ila hakujulikana kazi yake. Mwaka 1801 Johann Wilhelm Ritter, akiwa Jena, aligundua mionzi isiyoonekana, ile iliyo ng'ambo ya zambarau. Mwaka 1889 Erik Johan Widmark wa Sweden alithibitisha kwamba hiyo ndiyo inayounguza ngozi. Kisha Niels Finsen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1903, akafanya jambo ambalo mtoto wa shule anaweza kulirudia: alijichora mstari wa wino mweusi mkononi, akakaa juani. Ngozi iliyokuwa wazi ikawa nyekundu. Chini ya wino ikabaki nyeupe. Alipouosha wino na kurudi juani, ule ukanda mweupe ndio ulioungua, na sehemu iliyokwisha kuwa kahawia ikahimili. Wino wake aliununua. Wetu, melanini, tumezaliwa nao. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1979 vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hupitisha wastani wa asilimia 7 hivi ya mionzi inayobabua, na la ngozi nyeupe asilimia 24.

Wakoloni waliposikia habari za mionzi, waliikimbilia kama watu waliopata kisingizio. Charles Woodruff, daktari wa jeshi la Marekani, aliandika mwaka 1905 kwamba mwanga wa tropiki unawaharibu Wazungu. Jeshi likawavalisha askari waliokuwa Ufilipino nguo za ndani za rangi ya machungwa na nyekundu ili kuuzuia. Haikusaidia kitu, na wavaaji walilalamika joto. Nchini Kenya walowezi walivaa chapeo nene na kujibandika pedi mgongoni ili jua lisipenye uti wa mgongo, huku vibarua wao wakilima vichwa wazi.

Tuje kwenye hari yenyewe. Ngozi nyeusi hulipia kinga yake: hurudisha chini ya humusi ya nguvu za jua, na nyeupe theluthi au zaidi. Tofauti ipo, lakini inahusu mwanga unaopiga ngozi moja kwa moja. Karibu nusu ya nguvu za jua huja kwa mionzi ya infraredi, ambako ngozi zetu hazipishani sana. Joto la hewa, la paa la bati na la misuli inayofanya kazi halitazami rangi hata kidogo. Kinachomwokoa mtu hapo ni jasho: lita moja ikikauka mwilini huondoka na kilokalori 580 hivi. Mjapani Yas Kuno alidai kwamba idadi ya tezi za jasho zinazofanya kazi huamuliwa na hali ya hewa mtoto anamokulia katika miaka yake ya mwanzo.

Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ililionyesha hili kwa gharama ya roho za watu. Kuanzia miaka ya 1920 wachimbaji Waafrika walikufa kwa joto chini ya ardhi, mahali pasipo na jua kabisa. Mwaka 1935 daktari Aldo Dreosti alikuwa akiwapima wageni kwa kuwachotesha mawe kwa sepetu katika chumba chenye joto na unyevu, awajue wepesi wa kuzidiwa. Dawa iliyofaa ilikuwa siku kadhaa za kuzoeshwa pole pole. Ngozi peke yake haikumwokoa mtu.

Kwamba cheusi hunywa joto, wafugaji wanajua bila maabara. Mwaka 1977 Virginia Finch na David Western walionyesha kwamba katika nyanda za chini za Kenya, kwenye ukame na joto, ng'ombe wa rangi nyepesi ndio wengi, na weusi huongezeka kwenye miinuko ya baridi. Finch huyohuyo, pamoja na wenzake, mwaka 1980 walilipima joho jeusi la Mabedui: joho lilinywa joto jingi, lakini hewa inayopita ndani yake ililichukua kabla halijafika mwilini, na mvaaji hakuona hari zaidi ya aliyevaa joho jeupe. Mama wa Lamu mwenye buibui pana anaweza kutabasamu hapo. Ila joho hilo lilikuwa pana. La kubana ni habari nyingine.

Na watu wenye ualbino wanaishi na upande wa pili wa jaribio la Home. Wamezaliwa katika hari hiihii, wana tezi zilezile za jasho, wamekosa wino tu. Saratani ya ngozi huwaua wengi wao mapema. Losheni ya Kilisun, inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, ni kwa ajili yao. Yule kijana wa zege haihitaji sana. Yeye anahitaji maji, kivuli na saa za kazi zinazofaa.

Oman, wanakokwenda vijana wengi wa pwani yetu kutafuta riziki, kazi za nje zimepigwa marufuku kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Wakandarasi wa Dar es Salaam na Mombasa, kaskazi ikifika mwagisheni zege alfajiri, na pipa la maji ya kunywa liwe mbali na lile la kuchanganyia saruji.